Siku ya Tatu Mpe Jembe: Namna ya Kutembea Katika Festivali Kubwa

Methali inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunaisema kwa kucheka, hasa pale shemeji amekuja kwa wikendi moja na mwezi unaisha angali kwenye kiti cha sebuleni. Katika maandishi haya tunapenda kuichukua kwa uzito. Tunataka itusaidie kupima kitu ambacho wazee walioitunga hawakukijua: festivali kubwa za sanaa, zile zinazokusanya watu elfu na elfu, na ambamo kila mmoja anashauriwa aache kundi na atafute njia yake mwenyewe.

Shauri hilo linasikika kila mahali siku hizi. Usifuate programu, wanasema. Pita pembeni, utaona ambayo wengine hawakuyaona, na hayo njo yatakuwa festivali yako. Ni shauri zuri, na hatukatai. Lakini, ndugu msomaji, lina mtego ndani yake, na sisi watu wa Likasi tuna sababu ya kuuona mapema. Pembeni ambako mgeni anapenda kupotea, mara nyingi njo kwetu. Basi swali letu ni hili: kile ambacho mtu amekikuta pembeni, ni chake kweli? Na kama ni chake, amekilipia nini?

1. Jangwani

Tuanze mbali. Kule Marekani, katika jimbo la Nevada, kuna festivali inayoitwa Burning Man. Ilianza mwaka 1986 kwenye ufuko wa bahari huko San Francisco, pale watu wachache walipochoma sanamu ya mtu iliyotengenezwa kwa mbao. Mwaka 1990 ikahamia katika jangwa la Black Rock. Siku hizi, mwishoni mwa mwezi wa 8, watu karibu 70,000 wanajenga mji mzima kule kwa muda wa wiki moja, halafu wanaubomoa. Ukiondoa barafu, karibu hakuna kitu cha kununua. Kila mtu anakuja na maji yake, chakula chake na hema lake. Mwaka 2004 mmoja wa waanzilishi, Larry Harvey, aliandika kanuni 10 za mkutano huo. Kati yake tunakuta hizi: toa zawadi bila kungoja malipo, usiache takataka nyuma yako, na shiriki, usiwe mtazamaji tu.

Hiyo ya mwisho inatupendeza sana. Ukiitazama vizuri ni jembe la methali yetu, tofauti ni kwamba pale hawangoji siku ya tatu. Unafika, unapewa kazi: kupika, kujenga, kupiga ngoma, kumwagia mwenzako maji. Wenye kupenda festivali hiyo wanasema kwamba jambo kubwa si ile sanamu inayochomwa mbele ya wote. Jambo kubwa ni hema dogo walilolikuta usiku walipopotea, na mtu asiyewajua akawakaribisha chai. Tunaamini. Mtu hapati chake bila kuingiza mkono.

Lakini kuna neno moja linalotusumbua, neno "tupu". Wanasema jangwa lile ni tupu, njo maana kila mtu anaweza kuwa pale anavyotaka. Tupu kwa nani? Njia kubwa ya kwenda kule inapita katika ardhi ya Wapaiute wa Ziwa Pyramid, watu waliokaa upande ule kabla ya jimbo la Nevada kuwa na jina. Hakuna mahali pasipokuwa na mwenyeji. Kuna paka mahali ambapo mgeni hajauliza mwenyeji ni nani.

Afrika tulikuwa na mfano mwingine wa jangwani: Festival au Désert ya Mali, iliyofanyika tangu mwaka 2001 mpaka 2012, miaka mingi huko Essakane, upande wa Timbuktu. Mwaka 2012 vita viliingia kaskazini ya Mali, na ikawa mwisho. Festivali ile ilikuwa imesimama juu ya desturi ya Watuareg ya kukutana, kuonana, kusikilizana na kuimba. Wageni wa Bulaya walikuja, tena kwa wingi, lakini wenyeji walikuwa na sababu yao ya kukutana, mgeni akiwepo ao asipokuwepo. Tunaomba msomaji akumbuke tofauti hiyo. Pale ambapo mwenyeji anajulikana, mgeni anajua ni nani wa kuamkia kwanza.

2. Lubumbashi, mwaka 2022

Sasa turudi kwetu. Katanga haina jangwa, ijapokuwa mwezi wa 10, kabla ya mvua ya kwanza, mtu anaweza kudanganyika kwa vumbi na joto. Wakati huo wa mwaka njo Biennale ya Lubumbashi imezoea kuwakusanya watu. Ilianza mwaka 2008 kwa mkono wa chama cha Picha, ambamo tunakuta majina ya Sammy Baloji, mpiga picha, na Patrick Mudekereza, mwandishi. Ni kazi kubwa, na tunaisifu. Imewaleta wasanii wa nchi nyingi katika mji ambao kwa Wazungu wengi ulikuwa paka jina la shaba.

Toleo la 7, la mwaka 2022, liliitwa "ToxiCity". Ni mchezo wa maneno: sumu na mji ndani ya neno moja. Hapa tuna neno la kusema. Chama chenyewe kilijipa jina ambalo kila mama wa Kikula analielewa: Picha. Lakini kichwa cha toleo kinaomba mtu ajue lugha ya mbali kwanza ndipo acheke. Mtu aliyelelewa Shituru, ambaye utoto wake wote ameamka na harufu ya asidi ndani ya pua, anayajua mambo hayo kuliko profeseri yeyote. Shida ni kwamba hajui kama njo yeye anayesemwa. Kiswahili chetu kingeweza kumwambia kwa neno moja tu. Tunasema hivyo kwa upendo, kama watu wa nyumba moja.

Tulikwenda watatu kutoka Likasi, kilomita 120 hivi ndani ya bisi. Siku ya kwanza tulifanya kama wanafunzi wazuri: karatasi mkononi, tunatia alama mbele ya kila kitu tulichokiona. Jioni tulijaribu kusimuliana, na tukakuta tumechanganya kazi ya huyu na ya yule. Siku ya pili tuliwafuata watu waliovaa vizuri na walioonekana kujua wapi pa kwenda. Tuliona mambo mengi ya maana, lakini ilikuwa kama kula kwenye sahani ya mwingine.

Siku ya tatu joto lilitushinda. Tuliacha programu, tukavuka upande wa Kamalondo kwa miguu, bila shabaha. Kwenye parseli moja kulikuwa na mti wa maembe na kivuli kizuri. Mzee mmoja alikuwa amekaa chini yake, redio karibu na sikio. Tulibisha hodi, tukaomba maji.

— Muko bantu ya wapi?

— Tunatoka Likasi, tata.

— Likasi ya wapi? Kikula ao Panda?

— Panda.

— Kumbe muko batoto ya kwetu! Mwikale. Mama, letea bano batoto mayi.

Maji yalikuja, halafu munkoyo. Mzee akauliza tulikuja kutafuta nini katika joto namna ile. Tukajibu kwamba tulikuja kuangalia picha. Akanyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya zamani. Ndani yake mlikuwa picha moja, nyeusi na nyeupe, pembe moja imeliwa na unyevu. Wanaume 14 wamesimama kwa mistari miwili, kofia za kazi kichwani, nyuma yao ukuta wa kiwanda. Mzee aliweka kidole juu ya kijana mwembamba wa mstari wa nyuma. Alikuwa yeye. Kiwanda kilikuwa Shituru.

Tulianza kusifu: picha nzuri, tata, picha ya maana. Hakusikiliza sifa zetu. Akauliza:

— Muko na biki? Macho yangu imeisha. Kuangalia paka vile haiko kazi. Andika majina huku nyuma.

Hivyo tulipewa jembe, na kweli ilikuwa siku ya tatu. Saa mbili na zaidi tulikaa chini ya mwembe ule, mmoja ameshika picha, mmoja anaandika, mmoja anauliza jina linaandikwa na "k" ao na "c". Mengine yalikuja mara moja. Mengine yalikuja paka kama jina la utani, na mama ndiye aliyetoa jina la kweli, kwa kuwa alikuwa anateka maji pamoja na bibi za watu wale. Mara mbili alimkatalia bwana yake kabisa: hapana, huyu haiko ile jina. Na mara mbili alikuwa na haki. Mwishoni tulikuwa na majina 11. Sura tatu zilibaki bila jina. Mzee alizitazama sana, akasema pengine litakuja usiku.

Aliacha kazi mwaka 2003, katika ile programu ya kuondoka kwa hiari ambamo Gécamines ilitoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mara moja. Alihamia kwa mtoto wake Lubumbashi. Tulipoyasoma tena majina kwa sauti, mmoja wetu alishtuka. Jina la saba ni la jamaa inayokaa nyumba tatu kutoka kwake, huko Panda. Anawaamkia kila asubuhi. Hakujua kama baba yao alifanya kazi Shituru.

Ndugu msomaji, hiyo njo ilikuwa Biennale yetu. Haikuwa kwenye programu. Tulitembea kilomita 120 kutafuta picha, na picha tuliyoipata ilikuwa ya mtaani kwetu.

3. Jina lililobaki, jina lililopotea

Wengine watatuambia: basi mumethibitisha lile shauri, acha programu na utapata chako. Hatukubali haraka namna hiyo. Tungekunywa maji, tukapiga picha ya mzee kwa simu na kwenda zetu, tungekuwa pia na hadithi nzuri ya kusimulia nyumbani. Lakini ingekuwa hadithi ya watu watatu waliokunywa munkoyo ya mtu. Kilichoigeuza si njia ya pembeni. Ni biki.

Tena tusidharau programu. Tulikuwa tumeandaliwa kuiona picha ile. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitengeneza mwaka 2006 kazi inayoitwa "Mémoire". Alichukua picha za zamani za wafanyakazi na wakubwa wa wakati wa ukoloni, akazikata, akaziweka juu ya picha mpya za viwanda vilivyokufa. Mtu wa zamani anasimama mbele ya chuma chenye kutu ya leo, na mtazamaji anaona aibu bila kujua ni ya nani. Kama tusingekuwa tunaijua kazi ile, pengine tungemsikiliza mzee kwa adabu na kutazama saa. Msanii anafungua jicho. Lakini wengi wa watu walio katika picha za namna ile hatujui majina yao. Aliyekuwa na kamera wakati ule hakuona lazima kuyaandika. Msanii hawezi kuyatunga. Ni mtu aliyekuwa pale tu, ao bibi yake, anayeweza kuyasema, na watu hao wanapungua kila mwaka. Hapo kazi ya festivali inaisha, na kazi ya mgeni inaanza.

Likasi yenyewe ina mfano ambao tungepaswa kuufundisha shuleni. Mwaka 1952, mji wetu ungali ukiitwa Jadotville, alipita hapa Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi muziki. Barabarani alikutana na kijana akipiga gitaa. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya wa mwaka 1930. Hakuwa kwenye programu ya mtu yeyote. Wimbo wake "Masanga" ulirekodiwa, ukasafiri Afrika na ngambo, na mpaka leo wapiga gitaa wa nchi za mbali wanavunja vidole kwa kuutafuta. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa kwenye festivali kubwa ya Newport, Marekani.

Huo ni mfano wa mtu aliyekuta kitu kikubwa pembeni ya njia. Mtu anaweza kuuliza mengi juu ya kazi za Tracey na wakati wake wa ukoloni, na ana haki ya kuuliza. Lakini jambo moja ni wazi: aliandika jina. Hatusemi leo "mpiga gitaa mmoja wa Katanga". Tunasema Mwenda. Ni wangapi waliopiga gitaa barabarani hapa mwaka ule, wapita njia wakasikia, wakafurahi, wakaenda zao? Furaha yao ilikwisha pamoja nao.

4. Sisi nasi ni wageni

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kuwanyooshea kidole wageni wa Bulaya. Lakini tujitazame. Kila mwaka, tarehe 20 Desemba, Bayeke wanakutana Bunkeya kukumbuka kifo cha Mwami M'siri, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1891. Wengi wetu kutoka Likasi tunakwenda. Tunakwenda namna gani? Tunasimama kwenye mstari wa mbele, simu juu, tunazuia macho ya wazee wenye ngoma yao. Jioni tunarudi na video ambayo hatuwezi kueleza ndani yake nani ni nani, na kwa nini huyu alikaa na yule alisimama. Hatuko mbali sana na kwetu, tunasema lugha moja na wenyeji, na tunafanya kama mtalii. Basi mtalii tutamcheka kwa nini?

Kuwa mzaliwa wa Katanga hakumfanyi mtu kuwa mwenyeji wa kila kitu cha Katanga. Kwenye ngoma ya mwenzako wewe ni mgeni, hata kama baba zenu walifanya kazi kwenye tanuru moja. Na mgeni ana siku zake mbili za kutumikiwa. Hazizidi.

5. Vipimo vitatu

Kwa hiyo tunapendekeza vipimo vitatu, kwa mtu anayekwenda jangwani Nevada, mjini Lubumbashi ao kijijini Bunkeya, na anayependa kurudi na kitu ambacho ni chake.

Cha kwanza: uliulizwa kazi? Kama siku zote ulikaribishwa na hakuna hata mmoja aliyekutuma maji, bado ulikuwa siku ya kwanza.

Cha pili: unajua majina? Si ya wasanii tu, maana hayo yako kwenye karatasi. Tunasema jina la aliyekupa kiti, na kama amekubali litajwe.

Cha tatu: unaweza kurudi? Kuna watu ambao wakirudi kwenye mlango ule ule, mwenyeji atauliza "weye nani tena?" Na kuna wengine ambao wataambiwa: "Ulikawia, ile jina ilikuya usiku."

Tulirudi Kamalondo baada ya miezi miwili. Majina mawili kati ya yale matatu yalikuwa yamekuja. La tatu bado.

Tunamaliza kwa ombi moja kwa chama chetu. Tusingoje festivali ije Likasi ndipo tuanze kutazama vyetu. Katika nyumba za Panda, Shituru, Kikula na komini ya Likasi kuna bahasha nyingi kama ile, chini ya kitanda ao nyuma ya kabati. Tuchague Jumapili moja. Kila jamaa ilete picha moja ya kazini, na wazee wake, baba na mama pia, kwa sababu tumeona nani anakumbuka vizuri. Vijana walete biki. Hatuhitaji hotuba, na hatuhitaji mgeni rasmi. Tuketi tuandike majina nyuma ya picha, wangali wako watu wa kutusahihisha.